Kaori Anaaga: Jinsi ya Kufuatilia Madem wa Japani Kwenye Barafu Msimu wa 2025-26

Februari 2026 madem watatu wa Japani watatokea Milan kuteleza kwenye barafu ya Olimpiki. Saa hii hakuna hata mmoja ako na tiketi mkononi. Wenye wanaitaka ni wengi, na kadhaa wao wakiamka poa wanaweza kuchapa mtu yeyote duniani. Lakini nafasi ni tatu tu.

Kama wewe ni Mkenya, hii stori unaijua. Kwa marathoni ya Olimpiki pia kila nchi inapewa watu watatu, na kila wakati kuna mkimbiaji wetu mkali anabaki nyumbani akicheki kwa TV wale amewahi kuwaacha. Japani kwa skeiti za madem ni Kenya kwa mbio ndefu. Ukishika hiyo, hii ingine yote itaingia kwa kichwa haraka.

Hapa tumekuwekea kila kitu: nani ni nani, pointi zinahesabiwa aje, kalenda, na saa za kuamka kama unacheki ukiwa Kangema, Othaya, Karatina ama Nanyuki.

Japani walianza lini kuwa noma?

Jina la kwanza ni Midori Ito. Mwaka wa 1988 alikuwa mwanamke wa kwanza kutua Axel ya mizunguko mitatu kwenye mashindano. 1989 akashinda ubingwa wa dunia jijini Paris, Mwasia wa kwanza kufanya hivyo, na 1992 akatoka Olimpiki ya Albertville na fedha. 1994 Yuka Sato akashinda dunia wakiwa nyumbani Japani.

Halafu kukaja Miki Ando. Akiwa bado junia, 2002, alitua Salchow ya mizunguko minne, kitu hakuna mwanamke alikuwa amefanya kwenye mashindano. Baadaye alishinda dunia mara mbili, 2007 na 2011.

Dhahabu ya Olimpiki kwa madem ilikuja mara moja tu: Shizuka Arakawa, Turin, 2006. Hiyo ndiyo ilikuwa medali pekee ya Japani kwenye Olimpiki hiyo yote. Nchi nzima iliokolewa na dem mmoja. Sasa cheki hii: Turin iko Italia, Milan iko Italia, na imepita miaka 20.

Katikati hapo kulikuwa na Mao Asada, huyu ndiye shosho za Japani zilimpenda kama mjukuu. Mataji matatu ya dunia (2008, 2010, 2014) na fedha ya Vancouver 2010, ambapo alitua Axel tatu za mizunguko mitatu kwenye shindano moja. Lakini ukiuliza mashabiki, watakuambia Sochi 2014. Programu fupi ilimwendea vibaya akawa namba 16. Kesho yake akarudi akateleza programu ndefu ya maisha yake, pointi 142.71, akapanda hadi namba sita. Hakupata medali, na bado watu wanalia wakiiongelea.

Wenye utawacheki msimu huu

Kaori Sakamoto. Alizaliwa Kobe, Aprili 2000. Bingwa wa dunia 2022, 2023 na 2024 mfululizo. Mwanamke wa mwisho kushinda tatu zikifuatana kabla yake alikuwa Mmarekani Peggy Fleming, 1966 hadi 1968. Ana shaba ya Olimpiki ya Beijing 2022 na mataji matano ya Japani. Kaori hana Axel ya mizunguko mitatu na hana mruko wa mizunguko minne. Kazi yake ni kasi. Anaingia kwa mruko mbio kama matatu inashuka Kangema kuelekea Murang'a, na anatua kama hakuna kitu kimefanyika. Ametangaza huu ndio msimu wake wa mwisho. Kila kitu kwa hii kalenda ni kwaheri.

Mone Chiba. Alizaliwa Sendai, 2005. Alishinda shaba kwenye ubingwa wa dunia wa Boston, Machi 2025. Ni mdogo kwa mwili, mwepesi, na ukimwangalia unaskia muziki unatoka kwake. Sendai si jina geni kwa watu wa mlima. Huko ndiko Samuel Wanjiru wa Nyahururu alienda shule na kufunzwa mbio, kabla ya kuchukua dhahabu ya marathoni Beijing 2008. Arakawa pia alilelewa Sendai. Huo mji unatoa watu.

Ami Nakai. Alizaliwa Aprili 2008, na huu ndio msimu wake wa kwanza kwa wakubwa. Ako na Axel ya mizunguko mitatu, na alishinda shaba ya dunia ya junia 2023. Usimdharau. Watu wenye hawana presha ya jina ndio huharibu hesabu za watu.

Wakaba Higuchi. Huyu ni mkongwe wa enzi ya Kaori, namba mbili duniani 2018, na Boston alimaliza namba sita. Anajua kuteleza kwa hasira nzuri.

Ongeza Rinka Watanabe, Hana Yoshida na Rion Sumiyoshi, uone vile hiyo foleni ni ndefu.

Mkali mwenye hataenda

Kuna dem anaitwa Mao Shimada. Wazazi walimpa jina la Mao Asada. Ameshinda ubingwa wa dunia wa junia 2023, 2024 na 2025. Ako na Axel ya mizunguko mitatu na pia mruko wa mizunguko minne. Desemba 2024 alienda kwa ubingwa wa Japani wa wakubwa akamaliza wa pili, nyuma ya Kaori pekee.

Milan haendi.

Sababu ni umri. 2022 shirikisho la dunia, ISU, lilipandisha umri wa wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, baada ya watu kuona vile watoto wanachapishwa kazi ngumu na kuisha wakiwa na miaka 18. Kwa msimu huu ni lazima uwe umefika 17 kabla ya Julai 1, 2025. Mao alizaliwa Oktoba 30, 2008. Kwa hiyo amekosa kwa karibu miezi minne tu, na Olimpiki inayofuata ni 2030.

Sheria ni nzuri, inalinda watoto. Lakini pia inauma. Zote mbili ni ukweli, na hii ndiyo sababu Mao ni wa kucheki kila akiingia kwa barafu: hana Milan ya kushindania, anateleza tu kuonyesha dunia chenye itakosa.

Wapinzani wa nje

Namba moja ni Alysa Liu wa Marekani. Aliacha skeiti 2022 akiwa na miaka 16, akaishi kama msichana wa kawaida, akarudi 2024, na Machi 2025 akashinda dunia Boston akimwacha Kaori wa pili. Wa pili wa kuogopwa ni Adeliia Petrosian wa Urusi, mwenye alifuzu Septemba 2025 kama mwanamichezo asiye na bendera. Huyo anaruka mizunguko minne.

Pointi zinahesabiwa aje?

Kila dem anateleza mara mbili. Programu fupi ni dakika 2 na sekunde 40. Programu ndefu ni dakika 4. Zinajumlishwa, mwenye ako na nyingi anashinda.

Kila mruko una bei yake. Axel ndio mruko pekee unaanzwa ukiangalia mbele, kwa hivyo ile ya mizunguko mitatu kihalisi ni mitatu na nusu. Bei ni hizi:

- Axel ya mizunguko miwili: 3.3
- Lutz ya mizunguko mitatu: 5.9
- Axel ya mizunguko mitatu: 8.0
- Toe loop ya mizunguko minne: 9.5

Halafu majaji wanaongeza ama kutoa kulingana na ubora, kutoka -5 hadi +5. Kila hatua ni asilimia 10 ya bei.

Fanya hesabu hapo. Lutz safi kabisa ya +5 inaleta 8.85. Axel ya mizunguko mitatu yenye umetua tu kawaida inaleta 8.0. Na ukianguka kwa hiyo Axel, unapoteza nusu ya bei na pointi moja zaidi, unabaki na 3.0. Hiyo ni chini ya Axel ya mizunguko miwili ya mtu mwenye hakujaribu chochote! Sasa unaelewa vile Kaori ameshinda dunia mara tatu bila huo mruko.

Miruko ya mwisho ya programu inaongezewa asilimia 10, kwa sababu miguu imeshachoka. Ukiona dem ameweka miruko mikubwa mwishoni, si bahati mbaya, ni biashara.

Kando ya hiyo kuna alama tatu za usanii: mpangilio wa programu, uwasilishaji, na ustadi wa kuteleza. Hapa ndio Kaori hutajirika.

Ukifungua karatasi ya matokeo utapata alama ndogo ndogo. "q" ni mruko umekosa robo mzunguko. "<" umekosa zaidi ya robo, bei inashuka. "<<" umekosa nusu ama zaidi, unahesabiwa kama mruko wa chini yake. "e" ni kuruka na ukingo wa kiatu usiofaa. Mwenye amejaa "q" hakuanguka, lakini pia hatashinda.

Kalenda na saa za Kenya

Grand Prix iko na vituo sita. Kila mtu anapewa viwili pekee. Wa kwanza anapata 15, wa pili 13, wa tatu 11, wa nne 9, na kuendelea. Sita bora wanaenda fainali.

- Ufaransa, Angers: Oktoba 17-19. Wako saa moja nyuma yetu. Kaori anaanzia hapa.
- China, Chongqing: Oktoba 24-26. Wako saa tano mbele.
- Kanada, Saskatoon: Oktoba 31 hadi Novemba 2. Wako saa tisa nyuma, hii ni ya kukesha.
- Japani, NHK Trophy, Osaka: Novemba 7-9. Wako saa sita mbele. Kaori tena, mbele ya watu wake.
- Marekani, Lake Placid: Novemba 14-16. Wako saa nane nyuma.
- Finlandi, Helsinki: Novemba 21-23. Wako saa moja nyuma.
- Fainali, Nagoya: Desemba 4-7. Saa moja jioni kwao ni saa saba mchana kwetu. Unacheki ukidishi lanchi.
- Ubingwa wa Japani, Tokyo: wiki ya kabla ya Krismasi. Hapa ndio timu ya Milan inatajwa.
- Olimpiki, Milan: programu fupi Februari 17, ndefu Februari 19. Wako saa mbili nyuma.
- Ubingwa wa dunia, Prague: wiki ya mwisho ya Machi.

Kama una bandoli kidogo, weka yote kwa ubingwa wa Japani. Usibishane. Huko ndiko watu huanguka na kulia kweli, na huko ndiko ndoto za miaka minne huisha kwa dakika nne. Mashindano ya Grand Prix ya majunia ISU huweka bure kwa YouTube, na ukishusha picha hadi 360p hayali data sana.

Na sisi?

Usidhani barafu si ya Mkenya. 2005 uwanja wa barafu ulifunguliwa kwa hoteli ya Panari, Mombasa Road, wa kwanza Afrika Mashariki, na huko ndiko timu ya hoki ya Kenya Ice Lions ilizaliwa. Na kule Japani, Olimpiki ya Nagano 1998, Philip Boit alimaliza wa mwisho kwenye mbio za ski za kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngoja pale mwisho akamkumbatia. Ice Lions wanacheza hoki na Boit alikuwa wa ski, sawa. Lakini wote walianza bila kungoja theluji iwafuate nyumbani.

Basi weka alarm. Kama ni mmoja tu utamfuata, mfuate Kaori, kwa sababu mwakani hayuko. Kama ni wawili, ongeza Mao Shimada, halafu hifadhi jina lake hadi 2030.