Miswada ya Kiswahili na Mikono ya Wanafunzi

Kabla ya hati za Kirumi kuenea, Waswahili waliandika lugha yao kwa hati za Kiarabu. Tendi, barua na mawaidha yaliyoandikwa hivyo yalitunzwa majumbani, yakikabiliwa na unyevu wa pwani, mchwa na usahaulifu wa warithi.

Katika miaka ya 1960, J.W.T. Allen alikusanya miswada hiyo kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Orodha yake, iliyochapishwa Leiden mwaka 1970, ilijumuisha miswada ya Kiswahili na ya Kiarabu pamoja na kanda za sauti. Mwaka uo huo chuo hicho kikawa Chuo Kikuu kamili. Hata hivyo, kukusanya ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili haina mwisho.

Kutoka Mlimani, Barabara ya Bagamoyo hupita Tegeta, Boko na Bunju hadi Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka. Kwa wanafunzi wa fani hiyo, mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya masomo. Mwanafunzi hujifunza kupangusa vumbi kwa brashi laini, kuandika namba kwa penseli kwa kuwa wino hupenya karatasi, na kulinganisha kila mswada na orodha.

Hapo ndipo tatizo hujitokeza. Irabu za Kiarabu zina alama tatu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Hivyo *i* na *e* huweza kuandikwa kwa alama moja, na *u* na *o* vivyo hivyo. Aidha, waandishi wengi walitumia herufi moja kwa *b* na *p*. Neno lililokusudiwa kuwa "pata" laweza kusomwa "bata". Utenzi usio na anwani hutambuliwa kwa beti zake za mwanzo. Anayezikosea huupa mswada jina lisilo lake, na mtafiti wa baadaye hataupata ingawa umo rafuni.

Wanafunzi wengi wa leo wamekulia katika hati za Kirumi pekee. Wanaweza kuuokoa mswada na mchwa, wasiweze kuuokoa na ukimya. Kwa hiyo, usomaji wa Kiswahili cha hati za Kiarabu hauna budi kufundishwa sambamba na utunzaji wa karatasi. Karatasi iliyosalimika bila msomaji ni amana isiyo na mwenyewe.