Kasongo: ndoa ya jamaa, ndoa ya Leta

Katika Kasongo watu wengi wanahesabu kwamba ndoa imekamilika siku mahari inapotolewa, au siku shehe ama padri anapoifunga. Lakini bwana akifariki, na ndugu zake wakidai nyumba na shamba, mjane anaulizwa: karatasi ya Leta iko wapi? Swali hilo lina historia yake.

Wakati wa Tippu Tip, Waislamu wa Kasongo walifunga nikaha mbele ya wali na mashahidi. Vijijini jamaa mbili zilipatana juu ya mali, na wazee ndio waliotunza kumbukumbu. Jeshi la Dhanis liliteka mji mwezi wa Aprili 1893, lakini Wabelgiji waliacha ndoa za wenyeji chini ya desturi. Walichopiga vita ni wake wengi. Amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za namna hiyo kuanzia 1 Januari 1951. Katika mji wenye Waislamu wengi, ilimaanisha kwamba bibi wa pili aliyeolewa baada ya hapo alikuwa mke mbele ya jirani, si mbele ya Leta.

Tarehe 1 Agosti 1987, wakati wa Mobutu, ikatoka Sheria ya Jamaa, moja kwa inchi yote. Ilikubali njia mbili: ndoa ya jamaa kwa desturi, ambayo inaandikishwa baadaye, au ndoa inayofungwa mbele ya mkubwa wa hali ya raia. Mwanaume alitakiwa kuwa na miaka 18, mwanamke 15. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 ikakataza kuoza mtoto, na mageuzi ya 15 Julai 2016 yakaweka miaka 18 kwa wote wawili.

Leo wachumba wanaenda kwa burugumesta, au kwa mkubwa wa sekta ama wa shefferi. Kila mmoja akubali kwa kinywa chake. Asiwe na ndoa nyingine. Mahari iwe imetolewa, hata kama ni sehemu tu. Waonyeshe umri wao, na mashahidi wawepo. Nikaha na ndoa ya kanisa zina heshima yake, lakini peke yake hazitoshi kwa sheria.

Hasara inaonekana kwenye urithi. Sheria inawapa watoto robo tatu ya mali. Bibi aliyebaki anahesabiwa katika robo ya mwisho, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Mtoto aliyetambuliwa na baba yake ana haki hata kama ndoa haikuandikwa. Mama yake ndiye anayebaki kutafuta ushahidi.

Ndoa ya jamaa haihitaji kufungwa upya. Inahitaji kuandikwa, wakati walioshuhudia mahari wangali hai.