Laptopu Iliyokataa Kuwaka: Historia ya Ufundi wa Kutafuta Kosa

Laptopu inayokataa kuwaka baada ya kufunguliwa na kufungwa tena haichunguzwi kama ile iliyozima yenyewe mezani. Mara nyingi ilikuwa nzima kabla ya kuguswa na bisibisi, kwa hiyo fundi huanza kukagua pale mikono ilipopita: utepe wa kitufe cha kuwashia, plagi ya betri, rami isiyokaa vizuri, skrubu iliyorudishwa kwenye tundu lisilo lake. Utaratibu huo umejengeka kwa zaidi ya miaka 40, na umekuwa ukibadilika kila waundaji walipobadilisha mashine zao.

Msingi wake ulitokana na kompyuta ya mezani. IBM PC, iliyoanza kuuzwa Agosti 1981, ilijikagua yenyewe kila ilipowashwa, na ikijiona salama ilitoa mlio mmoja mfupi. Milio ya namna nyingine, au ukimya mtupu, ilimwonyesha fundi pa kuanzia. IBM iliuza pia vitabu vya matengenezo na michoro ya saketi. Mashine ikigoma, fundi alitoa kadi zote, akabakiza zile tu zisizoweza kukosekana, kisha akarudisha moja baada ya nyingine mpaka ile yenye kasoro ijulikane. Njia hiyo ingali inatumika hadi leo kwenye laptopu: ubao mama, rami moja na chaja, basi.

Kompyuta za kubebeka ziliurithi utaratibu huo lakini zikaubana. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na haikuwa na betri yake. Toshiba T1100, iliyotoka mwaka 1985, iliweza kupakatwa kweli. Kadi kubwa zikapungua, na baadaye tepe bapa zikachukua nafasi ya nyaya nene. Hapo ndipo palipozaliwa kosa linaloongoza kwa kuwatia watu hofu bure. Soketi nyingi za tepe zina kilimi kidogo cha plastiki: hunyanyuliwa kwa ukucha, utepe ukaingizwa hadi mwisho, kisha kikashushwa kuubana. Utepe ukiingia upande, hata kwa unene wa unywele, baadhi ya mistari yake ya shaba haigusi. Mtu hubonyeza kitufe na amri haifiki popote. Laptopu huonekana imekufa ilhali ubao mama ni mzima kabisa.

Skrubu nazo zina historia yao. Miongozo ya matengenezo ya ThinkPad, kompyuta zilizoanza kutoka mwaka 1992, ilitaja ukubwa wa skrubu za kila sehemu, na haikuwa urembo. Skrubu ndefu ikilazimishwa kwenye tundu la fupi huweza kukwangua njia za umeme ndani ya ubao na kuleta shoti, na madhara hayo hayaondoki kwa kuifungua tena.

Si waundaji wote waliotoa miongozo kwa umma. Mwaka 2003, wanafunzi wawili wa chuo huko San Luis Obispo, California, Kyle Wiens na Luke Soules, walijaribu kutengeneza laptopu aina ya iBook bila kupata mwongozo wowote. Kutokana na adha hiyo walianzisha iFixit, inayochapisha miongozo ya bure yenye picha za kila hatua. Ni vigumu kutaja jambo lililowafaa zaidi mafundi wasio na ajira kiwandani.

Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia madini ya risasi katika vifaa vya elektroniki. Lehemu ya zamani ya bati na risasi iliyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile mpya iliyoenea ilihitaji 217 au zaidi, na mafundi wakalazimika kujifunza upya kazi ya joto. Lakini badiliko zito zaidi kwa mfunguaji lilikuwa betri kuhamia ndani ya kasha. Zamani ilichomolewa kwa nje kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa. Sasa umeme unaweza kubaki kwenye ubao kazi ikiendelea, na kuchomoa utepe wa kioo kabla ya plagi ya betri kunaweza kuunguza fyuzi ya taa yake. Mashine huwaka, lakini kioo hubaki giza. Baadhi ya laptopu pia, betri ikichomolewa na kurudishwa, hubaki zimelala mpaka zichomekwe chaja, na wengi wamezitangaza zimekufa kabla ya wakati.

Kariakoo jijini Dar es Salaam na barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ambako laptopu zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya zina soko kubwa, ujuzi huu umekuwa riziki. Mbao mbovu huhifadhiwa kwa ajili ya spea, na mita ya umeme hutangulia kila kitu: chaja inatoa volti zake, kama 19? Volti 3.3 na 5 zipo kwenye ubao? Zikiwepo, macho hurudi kwenye tepe. Zisipokuwepo, hutafutwa shoti.

Tangu Januari 2021 Ufaransa imewataka wauzaji waonyeshe alama, kati ya 0 na 10, ya wepesi wa kutengeneza laptopu. Mwaka huohuo kampuni ya Framework ilitoa laptopu inayofunguliwa kwa bisibisi moja, yenye skrubu za chini zisizodondoka na taa ndogo ndani zinazomulika kwa rangi kuonyesha hatua ambayo uwashaji umekwamia.