Afisa ustawi wa jamii

Afisa ustawi wa jamii ni mtumishi wa umma anayesimamia ulinzi wa watoto na ustawi wa familia nchini Tanzania, hasa katika ngazi ya halmashauri. Tanzania Bara, nguvu zake nyingi zinatokana na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18.

Kazi yake kubwa haionekani ofisini. Wazazi wakigombania mtoto mahakamani, afisa huenda nyumbani kwa kila upande: anaangalia mtoto analala wapi, anakula nini, nani humpeleka shule, na huzungumza na mtoto kando, mbali na macho ya wakubwa. Anayoyaona huyaandika katika taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na mara nyingi hiyo ndiyo njia pekee ya sauti ya mtoto kumfikia hakimu.

Hushughulikia pia matunzo, malezi ya kambo na kuasili, na hushirikiana na dawati la jinsia na watoto la polisi. Ukatili dhidi ya watoto huweza kuripotiwa bure kwa simu namba 116.