Kweli Iliyowekwa Amana

Edward Steere, padre Mwingereza ambaye baadaye alikuwa askofu, alifika Unguja mwaka 1864, na hakukawia kutafuta wa kumfunza Kiswahili. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni wa Kiislamu, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka nakala ya Kiarabu. Kazi ilifika Zaburi ya 68 ikaishia hapo. Sheikh alikuwa mtu wa shughuli nyingi, na tena Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa wasomaji ambao Steere alikuwa akiwalenga. Lakini hebu tuitazame picha hiyo: Mwislamu wa Unguja anampa Mkristo wa Uingereza maneno ya kumwombea Mungu wake. Alimpa kwa hiari, akijua yanakokwenda.

Maneno yenyewe yalikuwa yamekaa pwani karne nyingi kabla ya misheni yoyote ya Steere. Amini, imani, amana, mwaminifu: yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, alif, mim, nuni. Mzizi huohuo umo katika Kiebrania, lugha ndugu ya Kiarabu, na ndiko lilikotoka neno amina, ambalo Wakristo na Waislamu wa kwetu wote hufungia dua. Mzizi huo ndio uliozaa pia neno *emet*, ambalo katika Agano la Kale wafasiri wetu hulitafsiri mara nyingi kuwa kweli. Kwa hiyo mama wa Tanga anayesema amina kanisani na jirani yake aliyemwachia akiba ya kikoba kama amana wanatumia neno la ukoo mmoja na lile ambalo manabii walilitumia kwa kweli ya Mungu. Kiswahili kimebahatika kuupata mzizi huo na kuufanya wa nyumbani.

Mzizi huu unamaanisha nini hasa? Kitabu cha Kutoka, sura ya 17, kinauonyesha waziwazi. Waisraeli wanapigana na Waamaleki bondeni, na Musa yuko kileleni ameinua mikono. Akiishusha, watu wake wanashindwa. Mikono inachoka, kama mikono ya mtu yeyote. Wanamletea jiwe akalie, kisha Haruni anashika mkono mmoja na Huri anashika wa pili, na mikono hiyo inakuwa *emuna* mpaka jua linazama. Hapo wafasiri hawawezi kuandika kweli wala imani, wanaandika kwamba ilithibitika, ilikaa imara. Kabla haijawa habari ya mambo kulingana na maneno, kweli katika Biblia ilikuwa habari ya kitu kisichokuangusha ukikiegemea. Na hata mikono ya Musa haikusimama peke yake, ilishikiliwa na wenzake wawili.

Wagiriki walikuwa na neno lao, *aletheia*, ambalo wengi wamelisikia kama kisichofichika, kilichotolewa gizani. Injili ya Yohana iliandikwa kwa Kigiriki, lakini masikio ya mwandishi wake yalikuwa ya Kiyahudi, na ndiyo maana ndani yake kweli ni nuru na papo hapo ni mtu. Katika Injili hiyo Yesu anaanza maneno yake kwa amina mbili zilizofuatana, mara 25. Kwa desturi, amina ilikuwa jibu la kuitikia maneno ya mwingine. Yeye anaitanguliza, kama anayejiweka dhamana kabla hajasema. Pilato anapouliza kweli ni kitu gani, anauliza kuhusu jambo. Kwa Yohana, jibu limesimama mbele yake likiwa limefungwa kamba, naye Pilato anatoka nje bila kulingoja.

Karne nne baadaye swali hilo lilirudi Afrika Kaskazini, kwa sura ya kazi za kila siku. Mtu mmoja aitwaye Consentius alimwandikia Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Kulikuwa na kundi la wazushi waliojificha ndani ya Kanisa, na imani yao yenyewe iliwaruhusu kusema uongo ili wasijulikane. Consentius alitaka Wakristo waaminifu wajifanye wenzao, waingie kundini, kisha wawafichue. Mnamo mwaka 420 Augustino alimjibu kwa kitabu kizima, na jibu lake ni hapana. Tukisema uongo ili kuwanasa waongo, alihoji, tutamfundishaje mtu yeyote jambo lolote baadaye? Atajuaje kwamba wakati huu hatumdanganyi kwa faida yake? Hapa Augustino alikuwa akitetea kitu kilekile cha mikono ya Musa. Neno la mhubiri ni amana, na anayeila amana kwa nia njema ameila vilevile.

Toma wa Akwino, karne ya 13, anajulikana zaidi kwa kueleza kweli kama ulinganifu wa akili na kitu kilivyo. Wanafunzi wa falsafa hukariri hilo na kuendelea mbele. Mimi huvutiwa zaidi na ukurasa mwingine wake, anaposema kwamba watu hawawezi kuishi pamoja wasipoaminiana, hivyo kusema kweli ni namna ya deni ambalo kila mtu anadaiwa na mwenzake.

Kanisa lenyewe lilidaiwa deni hilo mwaka 1440, na mdai alikuwa mwanaisimu. Kwa karne nyingi mapapa walikuwa wametumia hati iliyodai kwamba Kaisari Konstantino, katika karne ya 4, alimkabidhi Papa Silvesta mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Lorenzo Valla, aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Aragoni, aliichukua hati hiyo na kuisoma neno kwa neno. Aliona inataja masatrapi miongoni mwa wakubwa wa Roma, cheo cha Uajemi ambacho hakikuwa na nafasi pale. Aliona inataja Konstantinopoli kama makao ya patriaki wakati mji huo ulikuwa bado haujajengwa. Aliona Kilatini chake si cha zama zilizodaiwa. Hati ilikuwa ya kughushi, na wataalamu leo wanaiweka karne ya 8. Ni kweli kwamba bwana wake Valla alikuwa akigombana na papa, na kazi hiyo ilimfaa. Lakini nia ya mtu haibadilishi tarehe ya neno. Na jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba miaka michache baadaye Valla huyohuyo aliajiriwa Roma, katika ofisi ya papa.

Nirudi kwa wafasiri wetu, maana hapa ndipo nina la kusema. Biblia ya Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, iliyotoka mwaka 1937, ilijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu, ili msomaji wa bara ajisikie nyumbani. Nia ilikuwa ya upendo. Hata hivyo naona ilitaka kukata mizizi mirefu kuliko alivyodhani. Maneno ya ukoo wa amana hayakuwa mavazi ya kigeni yaliyovishwa Injili, bali yalikuwa karibu zaidi na kinywa cha Yesu kuliko neno lolote la Kijerumani au la Kiingereza. Tafsiri ya Union iliyokamilika mwaka 1952 iliyaacha mahali pake, na ndiyo iliyoshika makanisani.

Siku hizohizo, mbali na pwani, watu wa maziwa makuu walikuwa wakiijaribu kweli kwa miili yao. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto wa Uamsho ukawaka Gahini, ukavuka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Bukoba. Waliookoka waliita maisha yao mapya kutembea nuruni. Walisimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao. Kilichoibwa kikarudishwa, deni lililokanwa likalipwa, na Mzungu na Mwafrika wakaombana msamaha katika zama ambazo jambo hilo halikutazamiwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya msimamo wao wa Uamsho, William Nagenda akiwa mmoja wao.

Uamsho ulikuwa na majeraha yake pia. Palipo na ungamo la hadharani, siri ya mtu mmoja hubeba siri ya mwingine ambaye hakuomba itajwe. Miaka hiyohiyo Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyefungwa na serikali ya Hitler na kunyongwa Aprili 1945, alianza kuandika gerezani insha kuhusu kusema kweli, asiimalize. Anatoa mfano wa mwalimu anayemuuliza mtoto mbele ya darasa zima kama baba yake hurudi nyumbani amelewa. Ni kweli hurudi hivyo. Mtoto anakana. Bonhoeffer anasema uongo wa mtoto huyo una kweli zaidi kuliko kama angeufichua udhaifu wa baba yake mbele ya darasa, kwa kuwa mtoto amelinda nyumba ambayo mwalimu hakuwa na haki ya kuivunja. Augustino asingekubali. Kwa upande wangu, nimewasoma wote wawili mara nyingi, na kila ninapomfikiria mtoto yule amesimama mbele ya wenzake, namfuata Bonhoeffer.

Lakini zipo siku ambazo kunyamaza ndiko kuila amana. Janani Luwum, mtoto wa Uacholi aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda mwaka 1977. Usiku wa tarehe 5 Februari askari waliingia nyumbani kwake wakidai kutafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia barua Idi Amin, wakalalamikia watu waliokuwa wakiuawa na kupotea. Tarehe 16 Februari alikamatwa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari.

Kaburi lilikuwa limechimbwa Namirembe, kilima kilekile cha Nsibambi na Church. Mwili haukuletwa. Waumini walikusanyika wakaimba kando ya kaburi tupu. Jeneza lilikuwa limepelekwa na askari hadi Mucwini, kijijini kwake kaskazini, lizikwe upesi. Watu wa nyumbani wakalifungua, wakaona matundu ya risasi.