Maji ya Sindano: Kwa Nini Kuchemsha Hakutoshi

Leo tuzungumzie kitu usichoweza kukiona ndani ya chupa ya dripu.

Zamani mgonjwa alidungwa sindano, na baada ya muda mfupi akashikwa na baridi, akatetemeka, joto likapanda. Wengi walilaumu dawa. Maji yalikuwa yamechemshwa, nani angeyashuku?

Jibu lilipatikana Marekani mwaka 1923. Florence Seibert, mwanamke aliyeugua polio akiwa na miaka 3, aligundua kwamba moto huua bakteria lakini mabaki yao hukaa majini. Mabaki hayo yakiingia kwenye damu, huleta homa. Mvuke ulikuwa ukibeba matone machafu hadi kwenye maji safi. Alipourekebisha mtambo wa kukeneka maji, homa ilikoma.

Mwaka 1942 kanuni za dawa za Marekani ziliweka kipimo cha sungura: hudungwa dawa, kisha joto lake hupimwa kwa saa kadhaa. Mwaka 1956 Frederik Bang aliona kwamba damu ya mnyama fulani wa baharini, mwenye gamba kama kwato ya farasi, huganda ikikutana na bakteria. Baadaye, pamoja na Jack Levin, alitengeneza kipimo kutokana na chembe za damu hiyo. Huchanganywa na dawa kwa saa moja kwenye joto la mwili. Ikiganda, dawa hiyo ina uchafu.

Hapa kwetu, Maabara ya Taifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa ilianzishwa mwaka 1992.

Basi mama, usikubali mtoto adungwe dawa iliyochanganywa na maji ya kuchemsha nyumbani, wala dripu iliyopasuka au yenye ukungu. Mtoto akianza kutetemeka dripu ikiendelea, mwite muuguzi papo hapo. Huenda ni malaria au ugonjwa wenyewe, lakini yeye ndiye atakayeamua kuifunga. Usiing'oe mwenyewe. Omba chupa ihifadhiwe, na taarifa ipelekwe kwa Bodi ya Dawa na Sumu.

Usiogope dripu, imeokoa watoto wengi. Uliza tu imetoka wapi.