Nyama choma, nyama ya kuchoma, nyama iliyochomwa

Mgahawa mpya wa nyama ulipofunguliwa mtaani kwetu, pembezoni mwa Dar es Salaam, mlangoni palisimamishwa ubao ulioandikwa kwa chaki "Nyama ya kuchoma" na, chini yake, bei ya kilo moja. Tulikuwa watu wanne. Tukaagiza kilo mbili za mbuzi. Sinia lilipofika mezani, mmoja wetu aliyewahi kufanya kazi ya bucha aliliinua kidogo kwa mkono, akasema nyama ile haifiki kilo moja na nusu. Mhudumu hakukasirika. "Kaka, kilo ni ya mbichi," alisema, "ndiyo maana tumeandika ya kuchoma." Sisi tuliuelewa ubao kuwa unataja nyama iliyokwisha kupita motoni, yeye aliuelewa kuwa unataja nyama inayousubiri moto. Tulilipa kama tulivyoambiwa. Kisarufi, pande zote mbili zilikuwa na haki, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa mwalimu anayeulizwa ipi ni sahihi kati ya "nyama choma" na "nyama ya kuchoma", na kwa mfasiri wa orodha za vyakula.

Muundo wa nomino, -a unganifu na kitenzi-jina una maana mbili. Katika "maji ya kunywa" na "nguo za kuvaa" unaonyesha kusudi: maji bado hayajanywewa, nguo hazijavaliwa. Katika "samaki wa kukaanga" na "mayai ya kuchemsha", hasa yakitajwa mezani, unaonyesha namna kitu kilivyopikwa, yaani matokeo. Hakuna alama yoyote katika umbo inayotenganisha maana hizi. Muktadha ndio unaoamua. Mteja wa bucha akisema "Nipimie nyama ya kuchoma", muuzaji haleti kitu chenye moshi. Humkatia mbavu au paja, kwa kutofautisha na "nyama ya supu", ambayo itakuwa na mifupa mingi. Mteja aliyeketi mezani akitamka maneno yaleyale hutarajia chakula kilichoiva.

Utata huzuka pale bucha na meza zinapokaa chini ya paa moja, na migahawa ya nyama, Tanzania hata Kenya, mara nyingi hujengwa hivyo: nyama huning'inizwa mbele, mteja huchagua kipande, kinapimwa, kisha kinapelekwa jikoni. Kwa kuwa nyama hupoteza maji na mafuta ikiwa juu ya mkaa, tofauti ya tafsiri hapo ni tofauti ya fedha.

"Nyama choma" haina utata huo. Hakuna anayenunua nyama choma akaipeleka nyumbani kuipika. Jina hili hutaja chakula kilicho tayari tu. Wapo walimu wanaolikata kwa kalamu nyekundu kwa hoja kwamba limekosa -a unganifu. Siafikiani nao. Tukilichunguza, tunaona kuwa ni nomino ambatani yenye tabia zake. Kwanza, sehemu zake mbili hazikubali kutenganishwa: tunasema "nyama choma tamu", lakini "nyama tamu choma" hukwaza sikio, ilhali "nyama tamu ya kuchoma" haina tatizo. Pili, "choma" haichukui kiambishi chochote cha upatanisho: nyama choma, kuku choma, ndizi choma, mahindi choma. Katika hilo inafanana na vivumishi kama "safi" na "ghali", ambavyo havibadiliki kwa ngeli. Tatu, muundo wenyewe hauzalishi kwa uhuru. "Nyama chemsha" husikika Kenya, lakini "samaki kaanga" bado ni lugha ya mtu mwenye haraka. Kwa hiyo tusiugeuze kuwa kanuni ya kuundia kila jina la chakula. Uandikwe kwa maneno mawili, bila kistari.

Ushauri wangu kwa waandishi wa orodha za vyakula ni huu: chakula kilicho tayari kiitwe "nyama choma", nyama ya kupimwa iitwe "nyama mbichi ya kuchoma". Neno moja la ziada, "mbichi", lingetuepusha na mjadala wetu na yule mhudumu.

Kuna swali jingine linalofuata papo hapo: tuseme "kuku wa kuchoma ameiva" au "kuku ya kuchoma imeiva"? Katika Kiswahili sanifu jina la mnyama huendelea kupatanishwa kwa ngeli ya A-WA hata akiwa sahanini, ndiyo maana tuna "kuku wa kupaka" na "samaki wa nazi". Upatanisho wa I-ZI, kama katika "mbuzi ya kuchoma", husikika sana katika mazungumzo, na mantiki yake inaeleweka, kwani msemaji anafikiria nyama, si mnyama. Hata hivyo katika maandishi rasmi anayetaka I-ZI aitaje nyama yenyewe: "nyama ya mbuzi imeiva".

"Nyama iliyochomwa" ni kishazi rejeshi chenye kauli ya kutendwa, nacho hutaja tukio zaidi ya chakula. Kinafaa katika maelezo ("nyama iliyochomwa kwa mkaa wa mti fulani"), lakini hakifai kuwa jina la mlo. Zaidi ya hayo, "nyama iliyochomwa na maofisa wa afya" ni nyama iliyoteketezwa, wala hakuna aliyeila.

Ukali huo unatokana na upana wa kitenzi -choma chenyewe. Hubeba maana ya kupenya kwa ncha (kuchoma mkuki, kuchomwa sindano) na maana ya kuunguza. Ndugu zake wengi wamebaki upande wa kupenya: -chomeka ni kutia kitu ndani ya kingine, kama shati ndani ya suruali; -chomoa ni kukitoa; -chomoka ni kutoka kwa ghafla. -Chomelea, yaani kuunga vyuma kwa moto, imekwenda upande wa pili. Kwa sababu hiyo "nyama imechomeka" humfanya msomaji asite. Chakula ambamo maana zote mbili hukutana ni mshikaki, nyama inayochomwa kijiti kwanza kisha ikachomwa moto. (Abiria wawili au watatu waliobanana nyuma ya dereva wa pikipiki nao huitwa mshikaki, na sitaraji kamusi yoyote itashinda mzaha huo.)

Mfasiri asisahau vitenzi jirani. -Banika, chenye uhusiano na -bana, ni kuchoma kitu kilichobanwa kwenye kijiti au ufito, na huenda vizuri na samaki. -Oka leo kimeegemea mikate na joo la tanuri, ingawa mahindi na viazi vya jivuni navyo huokwa. Hatari kubwa zaidi ni "rosti". Neno hili limetoka katika Kiingereza, ambako lina maana ya kuchoma au kuoka, lakini katika mikahawa ya Tanzania "nyama rosti" ni nyama iliyopikwa katika mchuzi mzito wa nyanya na vitunguu. Anayeirudisha Kiingereza kwa kufuata sauti atamletea mgeni bakuli badala ya sinia. Uganda nako, nyama ya kuchoma huitwa "muchomo", nomino iliyojengwa juu ya kitenzi chetu. Kwetu "mchomo" ni maumivu ya kudunga au ya kuungua, kwa hiyo neno hilo lisihamishwe bila maelezo.

Kuhusu viwango vya kuiva, niliwahi kuhariri orodha iliyotoa nyama "nadra ya wastani". Mfasiri alikuwa amekutana na neno la Kiingereza linalotumika kwa kitu kisichopatikana kwa urahisi na pia kwa nyama iliyoguswa na moto kidogo, akachukua maana isiyohusika. Katika orodha hiyohiyo nyama iliyoiva kabisa iliitwa "iliyofanywa vizuri", kana kwamba ile nyingine ilifanywa vibaya. Kitenzi cha kazi hii ni -iva: "iliyoiva kidogo, nyekundu ndani", "iliyoiva nusu", "iliyoiva kabisa". "Haijaiva" na "imeungua" si viwango. Hayo ni malalamiko, na mhudumu huyaelewa mara moja.